Muuguzi wa Alhamisi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumchapa binti yangu kwa kutoitikia jina ambalo hakuzaliwa nalo. Nalitaja mwanzoni kwa sababu najijua. Nikilichelewesha nitaanza kulipamba, na mwishowe litaonekana kama kosa la mtu mwingine.

Mwanangu anaitwa Mwajuma. Alipofika miaka mitano alikuwa ameshavunja dirisha la jirani mara mbili, ameuma watoto wenzake zaidi ya mara moja, na akikasirika alirusha chochote kilichokuwa mkononi, hata kama ni sahani yenye wali. Huku kwetu Mazingara mama yangu mzazi, ambaye nyumba yake imepakana na yangu, alisema kile ambacho wazee wengi wangesema: jina limemkataa. Tulikuwa tumempa jina la bibi yangu mzaa baba, na inajulikana kwamba bibi huyo alikuwa na hasira. Basi ukapikwa uji, wakaitwa majirani, ikasomwa dua, na mtoto akaambiwa kwamba tangu siku hiyo yeye ni Salama.

Baada ya wiki mbili wengi walikuwa wamechanganya mambo, huyu anamwita hivi, yule vile. Mimi sikuchanganya. Mimi nikilianza jambo lazima liende kama lilivyosemwa. Nikaweka sheria: akiitwa Salama aitike mara moja, asipoitika, fimbo. Alikuwa haitiki. Nilimchapa hivyo karibu mwaka mzima, na kila mara niliamini kwamba ile ya jana haikutosha.

Ninayetaka kumweleza hapa ni mtu wa kwanza aliyenisikiliza nikisema hayo bila kubadilisha uso. Alikuwa muuguzi wa afya ya akili katika kituo kimoja mjini Korogwe, na siku yake ya watoto ilikuwa Alhamisi. Jina lake lilikuwa kwenye kibandiko kifuani, lakini sisi wazazi tuliopanga foleni kwake tulimwita Mama wa Alhamisi, hata tukikutana naye siku nyingine.

Nilifika kwake kwa barua ya mwalimu mkuu. Shule haikumkataa Mwajuma, ila mwalimu aliniambia waziwazi kwamba darasa la kwanza lina watoto wengi na mwalimu mmoja, na kwamba bila msaada wa wataalamu mtoto wangu ataishia kukaa nje ya darasa. Nilipanda bodaboda mpaka barabara kubwa, nikapanda gari, nikapita Segera, nikiwa nimempakata Mwajuma na nimeshika daftari.

Nilikuwa najivunia lile daftari. Kusoma nilijisomea mwenyewe, kwa sababu shule niliiacha mapema, na kila ninachokijua nimekipata kwa kuandika mpaka kiniingie. Kurasa kumi na nne, mistari imepigwa kwa rula, na safu tatu: siku, kosa, adhabu. Muuguzi alisoma kurasa mbili akiwa amesimama. Kisha akachukua kalamu yangu, akapiga mstari wa mkono, uliopinda, akaongeza safu ya nne upande wa kushoto. Juu yake akaandika: Kabla.

"Hapa pako wazi," alisema. "Kabla ya hapo kulikuwa na nini?"

"Kabla ya hapo hakukuwa na kitu, mama. Anaanza tu."

"Baba, hata mvua ina wingu. Nenda ukaangalie wingu, uje Alhamisi ya wiki ijayo."

Nakiri kwamba kilichoniuma siku ile ni ule mstari uliopinda. Njiani nilifikiria kununua daftari jingine. Lakini nilijaza safu aliyoniachia, na baada ya wiki moja ilisomeka hivi: alikuwa na njaa, alikatishwa mchezo ghafla, watu walikuwa wengi, nilipaza sauti, nilipaza sauti, nilimwita akiwa mbali, nilipaza sauti.

Muuguzi alikuwa mfupi, mnene, mwenye kuvaa viatu vya katambuga hata akiwa na sare nyeupe. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, jirani na stoo, na hakukaa kitini. Alikaa kwenye mkeka, kwa hiyo nasi tulikaa kwenye mkeka. Wanaume waliokuja na suruali zilizopigwa pasi hawakupenda. Mtoto aliingia kwanza, akachagua cha kuchezea kwenye boksi la vifuniko vya soda na magunzi ya mahindi, na mpaka atulie, mtu mzima hakuruhusiwa kusema neno. Na neno likianza, ubaya wa mtoto haukutajwa mbele yake. Ukianza kuutaja, muuguzi aliinua mkono. "Sikio halina kifuniko," alisema. "Andika, nitasoma."

Kwa watoto alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Niliwahi kumwona amekaa karibu nusu saa akimsubiri mtoto mmoja atoke chini ya meza, huku akishona kifungo cha sare yake kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Kwa watu wazima subira hiyo ilimwishia mlangoni. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuja amechelewa sana, akasema gari lake liliharibika.

"Gari liliharibika. Na miguu nayo?"

"Mama, ni mbali."

"Huyu baba ametoka Mazingara," akanionyesha kwa kidole. "Mwulize kama ni jirani."

Nilifurahi kutajwa, kisha nikaona haya kwa kufurahi. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mchelewaji. Aliishi Mnyuzi, akitegemea gari la asubuhi ambalo halikuwa na uhakika, na Alhamisi nyingine tulimsubiri mpaka jua linapanda. Alipita katikati yetu na kapu lake akisema, "Nimechelewa, msinisamehe, nisemeni." Tulicheka, hakuna aliyemsema. Yule mfanyabiashara peke yake ndiye aliyejibu siku moja, "Na miguu nayo?" Muuguzi alisimama, akamtazama, akasema, "Haki yako," akaingia ndani.

Alikuwa na kisukari. Kila mtu alijua, maana aliwahubiria wazee wa foleni ya jirani kuhusu chai yao. Na kwenye droo ya mafaili alificha kashata. Aliyezigundua ni Mwajuma, mara ya tatu tulipokwenda.

"Bibi, unaiba?"

"Naiba."

"Unamwibia nani?"

"Najiibia mwenyewe."

Mwajuma alifikiri. "Basi nitakushtaki kwako."

Tangu hapo, kila tulipofika, kwanza alikagua droo. Mimi jambo lile lilinisumbua kweli. Nilikuwa nimesoma kwenye simu habari zote za kisukari, na sikuelewa vipi mtu anayefundisha wengine kujizuia ashindwe na kipande cha karanga na sukari. Siku moja nilimwuliza, kwa adabu niliyoweza. Hakukasirika. Alisema anajua vizuri kabisa kinachomfaa, na bado mkono unakwenda, na mtu ambaye mkono wake haujawahi kwenda peke yake hawezi kukaa na watoto hawa hata saa moja. Kisha akafunga droo.

Kuhusu mambo ya wazee hakuwa vile nilivyotarajia. Nilidhani mtu mwenye cheti angemcheka mama yangu. Aliniuliza, "Mama yako umemwambia mnakuja wapi?"

"Kupima macho."

"Mlete."

Nilimleta. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliandika maneno ya kuwapatanisha, kurasa mbili, nikayakariri. Hayakuhitajika. Walikaa mkekani wakaongea habari za kunde: kwa nini za mwaka ule zilikauka maua, dawa ipi haifai, nani analima mapema mno. Muda ulikwenda. Halafu muuguzi akauliza kama anauliza habari ya mbegu, "Dada, huyo marehemu mwenye jina, alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkali," mama alisema. "Mkali sana. Lakini kwa wanaume, na kwa mbuzi wanaoingia shambani. Watoto walikuwa wanamfuata kama vifaranga."

"Basi huyo bibi hana ugomvi na mtoto."

Mama yangu alicheka. Muuguzi hakusukuma. Aliongeza tu kwamba dua iendelee, haimzuii mtu kuja Alhamisi. Kwenye gari la kurudi, tulipokuwa tunakaribia Segera, mama alisema bila kunitazama, "Mwiteni Mwajuma." Jambo la jina likaishia hapo, bila uji.

Kuna kazi moja aliyonipa ambayo mpaka leo siwezi kuieleza bila kujicheka. Alisema asubuhi niweke punje kumi za mahindi mfuko wa kushoto. Kila nikimwambia Mwajuma jambo jema alilolifanya, hata dogo, hata kama ni kufunga mlango, nihamishie punje moja kulia. Jioni kushoto kuwe kutupu.

Siku ya kwanza, adhuhuri ilinikuta na punje nane. Nilimfuatafuata mtoto nikitafuta jema, naye akiona nimemkodolea macho alikimbia. Jua likaanza kushuka. Nikajibanza nyuma ya jiko, nikazihamisha zote kwa mkupuo. Kesho yake hivyohivyo. Alhamisi muuguzi aliuliza, "Punje?"

"Zote kumi, mama. Kila siku."

Mwajuma alikuwa amejiinamia na vifuniko vyake. Hakuinua kichwa. "Baba anazihamisha nyuma ya jiko," alisema. "Nyingine anawarushia kuku."

Muuguzi alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga aliyokuwa amejifunga juu ya sare. "Huyu anakuangalia kuliko wewe unavyomwangalia," alisema. "Sasa weka punje nne. Nne za kweli."

Kupunguziwa kulinidhalilisha kama mtu aliyeshushwa darasa. Lakini nne ziliwezekana. Ya kwanza kabisa ya kweli niliihamisha kwa sababu Mwajuma alimwondolea mama yangu kigoda juani. Nilimwambia, "Umemsogezea bibi kigoda kivulini." Aliniangalia kama mtu anayengoja fimbo, kisha akakisogeza tena, hatua moja zaidi.

Daktari bingwa alikuja baada ya miezi kadhaa, kwa sababu wa namna hiyo huja kwa zamu. Nilikuwa nimengoja jina la ugonjwa kwa hamu ambayo sasa inaniaibisha, kana kwamba nikipewa jina kamili nitapewa na mtoto mwingine. Alimwangalia Mwajuma kwa muda mrefu, akatuuliza mengi, akasema mtoto si mwendawazimu wala hakurogwa. Ana shida ya kujizuia na ya kutulia, itapungua taratibu, dawa inaweza kufikiriwa baadaye, kwa sasa kinachohitajika ni namna tunavyoishi naye. Jina la shida hiyo niliandika kwenye daftari nikalipigia mstari. Muuguzi alinichungulia begani. "Umelipata," alisema. "Na jioni ya leo bado utakula naye."

Msemo wake mkubwa ulikuwa wa jikoni. Mtoto akiwaka, alisema, mzazi awe figa: linapata moto lakini halihami. Nilipenda msemo huo mpaka nikauandika ukutani. Ilinichukua muda kugundua kwamba kuandika ukutani si kazi.

Mpaka hapa nimeruka jambo, na ndilo jambo lenyewe.

Kabla sijafika kwa muuguzi, mke wangu alikuwa ameondoka. Alimchukua mdogo wa Mwajuma, mvulana aliyekuwa anajifunza kutembea, akarudi kwao Kwashemshi, milimani. Niliwaambia watu, na muuguzi nilimwambia, kwamba mke wangu aliogopa: Mwajuma alimsukuma mtoto, akaangukia ukingo wa sinia, akachanika kwenye nyusi. Kila aliyesikia alinihurumia. Kulikuwa na ndugu waliosema nimpeleke Mwajuma kwa shangazi, mbali, ili mke arudi, na mimi nilishaanza kufikiri kwamba huenda ni kweli, mmoja lazima atoke ndipo wengine waingie.

Muuguzi aliniomba nimlete mama wa Mwajuma mara nne. Mara nne nilikuwa na sababu. Mara ya tano alimpigia simu mwenyewe.

Mke wangu aliteremka kutoka milimani Alhamisi moja, mtoto mgongoni. Mwajuma alipomwona hakumkimbilia. Alisimama karibu naye akashika pindo la gauni. Tukakaa mkekani.

"Mama Mwajuma, karibu sana. Baba ametuambia unamwogopa mtoto."

Mke wangu alinitazama kwa mshangao wa mtu aliyekuta kitu chake kwa jirani. "Simwogopi mtoto," alisema. "Nilimwambia baba yake, fimbo ikibaki ndani, mimi natoka. Ikabaki."

Muuguzi alikuwa akipanga vifuniko kwa rangi. Hakuacha. "Baba Mwajuma, ni hivyo?"

"Alimsukuma mdogo wake, mama. Akachanika."

"Kabla ya hapo?"

Ile safu niliijaza siku nyingi sana, lakini mbele ya siku ile ya sinia nilikuwa nimeiacha wazi. Alingoja kama alivyowangoja watoto walio chini ya meza. Mwishowe nilisema: nilimwita Salama, hakuitika, nikamchapa, na mdogo wake aliyekuwa anatazama akacheka, kama watoto wadogo wanavyocheka wasichokielewa. Ndipo akamsukuma. Nilisema pia kwamba nilimchapa tena kwa hilo la kusukuma. Nilikuwa nalia. Mwajuma alikuja akaniwekea kifuniko kimoja kwenye goti, cha bluu.

"Sasa tumeanza," muuguzi alisema. Hiyo ilikuwa mara ya kumi na moja kufika kwake.

Halafu akamgeukia mke wangu. "Wewe usirudi kwa sababu ya machozi haya."

"Sirudi," mke wangu alisema. "Nitarudi siku Mwajuma mwenyewe atakaponiambia nyumba ile haina fimbo. Si baba yake aniambie. Wala si wewe, mama, samahani."

"Hapo hakuna cha kusamehe."

Nilikwenda nyumbani nikaitafuta ile fimbo ya mpera, nikaivunja, nikaitia jikoni. Nilijiona shujaa kwa siku mbili. Siku ya tatu Mwajuma alimwaga maji ya kunywa ya siku nzima, na nikakuta mkono wangu umeshainuka bila fimbo. Niliushusha. Najua kwamba wengi hushusha mikono yao kila siku bila kuandika habari zake.

Sitaki muuguzi aonekane walii. Alipokuwa anafunga kapu lake jioni moja nilimwuliza alijifunza wapi kutopiga. Alisema, "Wangu watano niliwachapa wote, na nilikuwa tayari nina cheti." Mmoja wao humpigia simu siku ya Idi tu. Sauti yake haikubadilika. Aliniuliza kama gari la Mnyuzi limeshapita.

Alistaafu mwaka uliofuata. Alhamisi ikachukuliwa na kijana mmoja mwelewa, anayekaa kitini. Mwajuma alikuwa darasa la pili, na mwalimu wake, kwa ushauri wa barua ya muuguzi, alikuwa anamtuma kubeba chaki na kufuta ubao kila alipoanza kuchemka. Mwaka ulikuwa umepita tangu siku mke wangu alipokaa nasi mkekani. Likizo ilipofika, mke wangu aliomba binti akae naye Kwashemshi. Mama yangu akampeleka. Nilibaki peke yangu nyumbani, na siku ya tatu sikuweza kuvumilia. Niliwaza: atasema nini? Atakumbuka kusema? Je, ataeleza habari za zamani kana kwamba ni za jana? Nilikwenda Mnyuzi.

Nilimkuta muuguzi shambani kwake, si mbali na reli, anang'oa karanga. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Niliposema shikamoo aliitika, akaniuliza, "Wewe ni yupi?"

"Baba Mwajuma, mama. Wa Mazingara."

"Wa kuku na punje?"

"Ndiye."

"Mtoto yuko wapi?"

Nilimweleza. Nikamwambia nataka kwenda Kwashemshi kesho yake. Sitasema mengi, nitamweleza tu mke wangu kwamba mwaka umetimia, nimeandika kila siku, daftari ninalo hapa.

Hakulipokea. "Mkeo alisema nani atamwambia?"

"Mtoto."

"Basi wewe kaa."

"Na asiposema, mama?"

"Asiposema, hajaona bado. Ataona."

"Na akisema vibaya?"

"Baba, ng'oa karanga."

Nikang'oa. Mstari wangu ulikwenda polepole kwa sababu nilikuwa nakung'uta kila shina mpaka udongo wote utoke. Aliponipita mara ya pili alisema kwamba udongo ni wa shamba, utabaki shambani. Hatukuongea tena habari za Mwajuma. Jua lilipoinama alinipa mfuko wa karanga mbichi, na nilipoanza kumshukuru kwa maneno marefu alinikatisha. "Usiwe unakuja kunizuru kama kaburi la shehe. Nenda ukapike, una nyumba."

Sikwenda Kwashemshi. Zile wiki mbili zilizobaki zilikuwa ngumu kuliko zote, na sikuandika chochote.

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, bodaboda mbili zilisimama mbele ya nyumba. Ya kwanza ilimbeba mama yangu na Mwajuma. Ya pili ilimbeba mke wangu, mvulana mbele yake na godoro dogo limefungwa nyuma. Sijui Mwajuma alisema nini kule. Mke wangu hajaniambia, nami sijauliza.

Mwajuma sasa yuko darasa la tatu. Mwezi uliopita alirusha kiti, na mwalimu mkuu aliniita, nikaenda. Sijampiga tangu ile Alhamisi ya mkekani. Nyumbani tunaishi wanne.